Vitabu vya kuanzia duka jipya Tabora

Ndugu, umesema unafungua duka dogo la vitabu karibu na stesheni ya Tabora, na unauliza kama orodha ya vitabu ya kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota peke yake inatosha kujaza rafu.

Kwa upana, inatosha kabisa. Tangu Walter Bgoya alipoianzisha Dar es Salaam mwaka 1991, kampuni hiyo imechapisha hadithi za watoto, riwaya, ushairi, historia, siasa na hata vitabu vya sanaa, baadhi kwa Kiswahili na vingine kwa Kiingereza. Lakini upana huo ndio utakaokuponza usipochagua, kwa sababu kitabu kinene cha kitaaluma kinachouzika karibu na chuo kikuu kinaweza kukaa kwako hadi jalada lipauke kwa jua la dirishani, kama yalivyonipata mimi na nakala 12 za kitabu kimoja cha uchumi.

Anza na vitabu vya watoto vyenye picha, kurasa chache na maandishi makubwa, kwa kuwa mzazi anayesubiri treni hufungua katikati, husoma aya moja kwa sauti, kisha huuliza bei. Riwaya za Kiswahili zifuate, nakala mbilimbili tu. Vya kiada usivitegemee, maana vya shule za serikali huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania.

Kabla ya kulipa, uliza punguzo la muuzaji, nani anabeba gharama ya usafirishaji, na kama visivyouzika hurudishwa.