Una Nini Nyumbani?

Kulikuwa na kipindi, kusi likivuma na bahari imechafuka, pikipiki ikisimama nje ya nyumba yangu hapa Bagamoyo nilikuwa naingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Wanangu walishajua la kusema: "Mama katoka." Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka sita. Nilimfundisha mtoto uongo kwa sababu ya deni, na hilo liliniuma kuliko deni lenyewe.

Nauza dagaa wa kukaanga. Nanunua pale soko la samaki pwani, nakaanga mchana, jioni nauza. Anayeijua kazi hii anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, wavuvi wengi wanapumzika. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku ambazo karai langu halipandi jikoni. Lakini mimi nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, wa shilingi 300,000, marejesho 13,000 kila siku kwa siku 30. Piga hesabu: 390,000. Rejesho la kila siku halijui mwezi mpevu wala kusi. Siku ya kumi na moja nikakwama, nikakopa kwingine kufunga pengo, kisha nikakopa kwenye simu kulipia lile la pili. Friza yangu ikabebwa. Baba watoto nikamwambia iko kwa fundi.

Niseme na hili, maana najua wapo wanaopita hapo hapo sasa hivi. Nilikwenda kwenye mkesha mmoja, mhubiri akasema anayedaiwa apande mbegu na deni litakauka kabla ya jua kuchomoza. Nikatoa 50,000, mtaji wangu wote uliobaki. Asubuhi deni lilikuwa palepale na mtaji haupo. Nilimkasirikia Mungu miezi kadhaa kwa jambo ambalo Yeye hakuniahidi. Ndugu yangu, kama unadaiwa, hela ya anayekudai si yako ya kutoa sadaka. Usikubali kutishwa.

Kilichonifungua kilianzia kwenye jumuiya yetu ndogo. Ilikuwa zamu ya nyumbani kwangu Jumamosi asubuhi. Tulipomaliza sala na watu kutawanyika, mama mmoja mtu mzima alibaki.

"Mwanangu, friza yako iko wapi?"

"Iko kwa fundi, mama."

Hakusema kitu. Alinitazama tu, nami nikaanza kulia. Aliponyamazisha kilio changu akaniambia nisome Wafalme wa Pili, sura ya 4, halafu nimfuate.

Nilisoma usiku ule kwa tochi ya simu. Ni habari ya mjane aliyemwendea nabii Elisha, mtu aliyekuwa akimdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Jambo la kwanza lililonishika ni kwamba marehemu mumewe alikuwa mcha Mungu, na bado alikufa akidaiwa. Nilikuwa nimeamini kwamba deni langu ni ushahidi kuwa imani yangu ni mbovu. Kumbe hata katika nyumba ya mcha Mungu deni liliingia, na Biblia haikulificha.

La pili ni kwamba Elisha hakumkemea. Alimuuliza amfanyie nini, kisha akamuuliza ana nini nyumbani. Mama yule akajibu hana kitu, ila chupa ya mafuta. Hapo nabii akamtuma kwa majirani zake wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Nilikaa na mstari huo muda mrefu. Mwanamke anagonga mlango baada ya mlango kuomba vyombo vitupu. Mtaa mzima si utajua hali yake? Muujiza ulimtaka kwanza atoke ndani. Na mafuta yalipojaa vyombo vyote, agizo lilikuwa auze, alipe deni, yatakayobaki ale yeye na wanawe. Deni lilitangulia chakula.

Sisi wa Bagamoyo neno mtumwa hatulisikii kama wengine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868, walikomboa watumwa kwa fedha na kuwapa mahali pa kuanzia maisha. Napita kwenye ile njia ya miembe iendayo misheni kila Jumapili. Mithali 22:7 inasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na siku moja nikiwa chini ya miembe ile nilisimama, nikajiuliza kwa nini najificha kama mtu asiye na wa kumkomboa.

Jioni ile nilimwambia baba watoto. Alinyamaza mpaka nikaogopa, kisha akaniomba daftari. Tuliandika kila deni: tunadaiwa na nani, kiasi gani, lini. Ikafika 940,000. Utashangaa nikikuambia usiku ule nililala. Kiasi hakikupungua hata shilingi, lakini kilikuwa na mwisho. Kichwani mwangu hakikuwa na mwisho.

Kisha tukajibu swali la nabii. Nyumbani kulikuwa na cherehani nisiyoitumia, tukaiuza. Kulikuwa na mikono yangu na karai. Jirani yangu mwenye duka, Mwislamu, akanikopesha mtaji bila kuongeza hata senti. Aliniambia, "Dada, sisi riba tumekatazwa." Nikakumbuka kwamba hata Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini.

Wakopeshaji nikawafuata mwenyewe kabla hawajaja. Mmoja alikubali nilipe kwa wiki, ile wiki ya mwezi mpevu nipunguziwe. Mwingine alikataa, nikaanza kumlipa huyo kwanza ili nimalizane naye. Kama unafikiria kukopa, uliza kwanza kama anayekukopesha ana leseni ya Benki Kuu; Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Na kama mko kikundi, ulizieni halmashauri ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Mimi nimejiunga na kikoba kwanza, kile kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, nanunua hisa kidogo kidogo, maana bado naogopa neno mkopo.

Kuhusu wasiwasi wenyewe, haukuondoka siku moja. Saa nane za usiku bado huamka. Zamani nilikuwa napiga hesabu ya mwezi mzima gizani. Sasa nawasha taa, naandika ninachodaiwa kesho tu, halafu nasali daftari likiwa wazi mbele yangu. Yesu alisema yatosha kwa siku maovu yake, na sala aliyotufundisha inaomba mkate wa leo. Nikifika hapo kwenye mkate huwa naweka kidole kwenye ile namba. Wakati mwingine machozi yanatoka. Simwambii Mungu kwa ujumla, namtajia kiasi.

Kausha damu zote nimemaliza. Friza haikurudi. Kwa jirani yangu imebaki 80,000, nampelekea 5,000 kila Jumamosi nikitoka jumuiya, na kitinda mimba wangu ndiye anayezibeba. Akifika mlangoni hubisha hodi kwa sauti kubwa, kisha hutaja jina langu.