Jumla iko sawa, difu zimezidi: jibu kwa dereva mpya wa Masasi

SWALI: Shikamoo mzee. Nina miezi minne tangu nikabidhiwe semi, kichwa cha difu mbili (ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari) na tela la ekseli tatu, matairi mawili mawili kila upande. Juzi nilipakia korosho ghalani Masasi kupeleka bandari ya Mtwara. Mizani wakanizuia. Tiketi inasomeka mbele tani 7.2, difu 19.9, tela 20.9, jumla 48. Ninavyojua semi kama hii inaruhusiwa tani 50. Nililala pale mpaka kesho yake. Tajiri anasema mizani wamekosea, gari lina uwezo, na safari ijayo nipakie vilevile. Nikikataa naogopa gari atapewa mwingine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Pole kwa kulala mizani. Ila mizani hawakukosea, na nashukuru umetunza namba za tiketi, maana jibu lote limo humo.

Sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na kwetu imeanza kutumika 2019. Inakupima mara mbili: gari zima, halafu kila kundi la ekseli peke yake. Kwa gari lako mbele ni tani 8, difu mbili ni tani 18, ekseli tatu za tela ni tani 24. Jumlisha, utaipata hiyo 50 unayoijua. Lakini 50 hiyo imetoka kwenye mifuko mitatu, na kila mfuko una mdomo wake. Wewe mfuko wa tela ulikuwa na nafasi ya tani 3 na zaidi, mfuko wa difu ulishamwagika kwa karibu tani 2. Kwenye ekseli kuna nafasi ndogo ya asilimia 5, nayo ingekufikisha 18.9 tu. Kwenye jumla hakuna nafasi hiyo. (Mwenzako mwenye tela la matairi mapana, moja moja kila upande, ekseli tatu zake zinaishia 22.5, kwa hiyo usichukue hesabu yake ukaifanya yako.)

Tajiri anaposema gari lina uwezo, kuna ukweli ndani yake, na usimbishie hapo. Angalia ubavuni mwa tairi. Kama ni 315/80 yenye namba 156/150, tairi moja likikaa peke yake linabeba kilo 4,000, yakikaa mawili mawili kila moja linabeba 3,350. Difu zako zina matairi manane, kwa hiyo matairi yenyewe yangestahimili zaidi ya tani 26, kama upepo umejaa sawasawa. Kinachoshindwa ni lami. Jaribio kubwa la barabara lililofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito, unapanda kwa kasi ya kutisha. Ekseli ya tani 10 ukiibebesha 12 umeongeza moja ya tano tu, lakini kuiumiza barabara umezidisha maradufu. Difu zako kwa 19.9 zilikuwa zinaila lami karibu mara moja na nusu ya kiwango.

Nalisema hili kwa uchungu. Barabara ya Mtwara na Masasi inabeba korosho zetu msimu mmoja na mvua zinapoanza, na malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanapita humohumo kwenda bandarini. Mei 2024 maji yalipoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga, wakati wa kimbunga Hidaya, kusini tulikaa tukisubiri. Ile ilikuwa mvua, hakuna dereva wa kulaumiwa, lakini sote tulionja maisha bila barabara.

Sasa ilikuwaje difu zikazidi? Nina hakika kwa kiasi kikubwa kwamba makuli walianza kupanga kwenye ubao wa mbele wa tela, wakapandisha juu kabisa, wakarudi nyuma wakishuka, mwisho wa tela ukabaki chini. Hivyo ndivyo wanavyopanga kila ghala ikiwa dereva yuko kivulini anakunywa chai. Uzito ulio mbele ya tela unashukia kwenye pini inayounganisha tela na kichwa, na pini imekalia difu.

Dawa yake ni kurudisha magunia nyuma, na hesabu yake ni ya mzani wa sokoni. Pima kwa futi kamba kutoka kwenye pini hadi ekseli ya katikati ya tela. Tela nyingi za urefu wa kawaida ni karibu mita 7.7. Gunia la korosho ni kilo 80. Ukitoa magunia 30 juu ya ubao wa mbele ukayapanga mita 8 nyuma, umehamisha tani 2.4. Zidisha kwa 8, gawanya kwa 7.7: karibu tani 2.5 zinatoka kwenye pini na kwenda tela. Sehemu kubwa ya hizo inatoka difu, kiasi kidogo inatoka mbele. Difu zingeshuka hadi 17.7 hivi, tela lingepanda hadi 23.4. Gunia hata moja lisingeshushwa chini, na ungefika bandarini siku ileile.

Ndiyo maana nakuomba usimame mwenyewe ghalani wakati wa kupakia. Anza na uzito wa gari tupu. Usiutoe kwenye kadi, maana tela huongezwa vyuma na kadi ikabaki ilivyo. Utoe kwenye tiketi ya mizani siku uliyopita mtupu, uitunze. Hesabu na dizeli: lita 600 ni karibu nusu tani. Gunia lenyewe tupu lina kama kilo moja, na ukibeba 400 tayari hizo ni kilo 400 ambazo hazimo kwenye hesabu ya korosho. Tela likiwa na ekseli ya kunyanyuliwa, hakikisha iko chini kabla hujaondoka.

Juu ya mizani ingia taratibu, gari limenyooka, usikanyage breki ghafla, kwa sababu mzigo husogea mbele na kukusomea vibaya. Ukiambiwa umezidi, egesha, omba nafasi ya kupanga upya, kisha upimwe tena. Kama kuna malipo, lipa kwa kumbukumbu namba ya serikali na uchukue risiti. Usimpe mtu fedha mkononi. Na usithubutu njia za panya. Ni kosa jingine juu ya lile la kuzidisha, na michanga ile ya Makonde itakumeza.

Nikwambie na langu. Mwaka wangu wa kwanza nilipakia chumvi Lindi, nikajua imezidi, nikanyamaza kwa kuogopa tajiri kama unavyoogopa wewe. Kwenye mteremko breki zikaanza kunuka, baadaye nakanyaga gari haliitiki. Niliponea kilima kilichokuwa mbele. Utingo wangu alishafungua mlango ili aruke, na uso wake ninauona mpaka leo. Kwa hiyo hata ukiwa ndani ya kiwango, ukitelemka kutoka Newala shusha gia kabla ya mteremko kuanza, acha injini ilishike gari, mguu wa breki uutumie kidogo na kwa vipindi.

Kwa tajiri usiende na ubishi, nenda na karatasi. Mwekee ile tiketi mezani, mwonyeshe kuwa tela lilikuwa na nafasi ya tani 3. Mwambie: "Tajiri, tani zako 48 nitazifikisha zote bila kulala mizani, nipe tu saa moja zaidi ghalani nisimamie upangaji." Hapo hupunguzi mzigo wake, unamwokolea siku. Tajiri wengi wanaielewa lugha hiyo. Akitaka uzidishe jumla yenyewe, kataa, ukiwa na mtu wa tatu anayesikia. Leseni ni yako na utingo ni wako, na gari lake hata akimpa mwingine, kazi ya semi kusini msimu wa korosho haikosekani kwa dereva anayejulikana kwamba hazuiliwi.

Ukishapima urefu wa kutoka pini hadi ekseli ya katikati, niandikie, nikupigie hesabu ya tela lako kabla hujapakia tena.