Milioni 12 zinatosha kufunga 1JZ ya turbo kwenye GX100?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1997, injini 1G-FE, otomatiki. Bodi bado safi na sitaki kuiuza. Nataka niitoe hiyo 1G nifunge 1JZ-GTE VVT-i, ile yenye turbo moja. Nimeweka akiba ya shilingi milioni 12. Kuna jamaa Ilala ana injini pamoja na giaboksi yake, anataka milioni 7. Kazi nitaifanya nyumbani na binamu yangu, ambaye ni fundi magari ila hajawahi kufunga gari la turbo. Je, hela inatosha? Nianzie wapi? Na nikishaifunga naweza kuipandisha presha ya turbo kidogo? (Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam)

JIBU: Nzuri kaka. Hela haitoshi kwa jinsi ulivyoipanga. Gari lenyewe umechagua vizuri na wazo lako linatekelezeka, kwa hiyo tuipange hela upya.

Kwenye milioni 12, toa kwanza moja ya tano uiweke pembeni, milioni 2 na laki 4, kwa ajili ya mambo ambayo hakuna anayeyajua mpaka injini ikae chini: bolti iliyokatikia ndani, sensa iliyokufa, bomba lililooza. Kazi ya kubadilisha injini isiyo na hela ya dharura huishia gari kukaa juu ya mawe uwanjani mwaka mzima. Ukimlipa jamaa wa Ilala milioni 7 zake, unabaki na milioni 2 na laki 6. Hizo unataka zilipe rejeta, intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake, pampu ya mafuta, propela shafti, breki, difu, ekzosti, fundi umeme, oili na sili zote. Hazifiki.

Mimi wateja wangu huwaambia injini na giaboksi visizidi nusu ya bajeti yote. Kwa milioni 12 maana yake usivuke milioni 6. Kama hiyo ya milioni 7 ndiyo unayoitaka, subiri ufikishe milioni 14 ndipo uanze. Na kuna hela umekalia hujaihesabu: hiyo 1G-FE yako inayotembea. Usiitoe kwanza ndipo utafute mnunuzi. Mwite aje aiwashe ikiwa bado ndani ya gari, aisikilize, aone inabadili gia, umrekodie na video. Injini aliyoiona inawaka mtu huinunua kwa bei tofauti kabisa na ile iliyolala sakafuni. Iuze pamoja na giaboksi, waya na kontrol boksi (kompyuta ya injini) yake.

Sasa tuangalie nini hasa unakitaka. 1G-FE ya gari lako ni sisi (cc) 1988, nguvu farasi 140. 1JZ-GTE VVT-i, iliyoanza kutoka mwaka 1996, ni sisi 2492, turbo moja aina ya CT15B, nguvu farasi 280, na msokoto wa takriban Nm 378 unaopatikana mapema sana, kwenye mizunguko 2400 kwa dakika. Kwa hiyo nguvu na msokoto vyote vinaongezeka mara mbili, ndani ya gari ambalo breki, difu na rejeta yake vilitengenezwa kwa nusu ya nguvu hiyo. Hapo ndipo hela yako inatakiwa iende. Watu wengi huona injini ndiyo mradi na hivyo vingine ni nyongeza, na ndiyo maana mitaani kuna Mark II zinazokimbia vizuri sana na kusimama vibaya sana.

Bahati yako ni kwamba Toyota wenyewe walishalijenga gari unalolitaka. Mark II JZX100 Tourer V ni bodi ileile ya kwako ikiwa na injini hii. Kila kitu unachokihitaji kilishatengenezwa kiwandani, huhitaji kubuni. Kwa hiyo kabla hujamlipa jamaa wa Ilala, tafuta nusu gari (kipande cha mbele kilichokatwa na injini yake) ya Tourer V, au ya Chaser au Cresta za JZX100 zenye injini hiyohiyo. Ulizia Ilala na Gerezani, na kama una mtu Sharjah, kule Falme za Kiarabu, mwambie akuangalizie, maana spea nyingi za Japani hupitia kule. Nusu gari inaonekana ghali ukiilinganisha na injini tupu, lakini inakuja na rejeta, feni na kava lake, intakula, mauntingi na mabraketi, breki za mbele, boksi la fyuzi na waya. Andika kwenye karatasi bei ya kimoja kimoja dukani, jumlisha, halafu ndipo uamue ipi ni rahisi. Propela, difu kubwa na breki za nyuma utavitafuta kwingine kwa sababu nusu gari ya mbele haina.

Ukibaki na ya Ilala, muulize jamaa swali moja kabla ya yote: waya zipo? “Injini na giaboksi” kwa lugha ya dukani mara nyingi ni chuma tu. Omba uone kontrol boksi na kifungu cha waya kinachoingia ndani yake. Magari haya hukatwa kwa msumeno kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, na waya hukatwa hapohapo. Ukikuta waya zimevutwa nzima mpaka kwenye plagi za kontrol boksi, hiyo ni nafuu kubwa. Ukikuta zimekatwa sentimita chache kutoka kwenye plagi, fundi umeme atakaa anaunga waya mojamoja kwa mchoro, na kila muungo ni mahali pa kusumbua baadaye. Hakikisha pia kontrol boksi ni ya otomatiki kama giaboksi ni ya otomatiki. Ya manyuo haiwezi kuiongoza giaboksi ya otomatiki. Nawe baki na otomatiki. Giaboksi ya manyuo ya R154 inatafutwa na kila mtu, bei yake peke yake itakuvuruga, na kuihamia kunaongeza pedali, klachi na kazi ya sakafu.

Nenda dukani na geji ya kompresheni (ya kupima mgandamizo wa kila silinda) na betri nzito. Injini ikiwa na giaboksi na stata yake, inaweza kupimwa hapohapo chini. Toa plagi zote sita, zungusha, andika namba ya kila silinda. Namba kubwa peke yake isikufurahishe. Angalia kama zinalingana: tofauti kati ya silinda ya juu kabisa na ya chini kabisa isizidi baa 1. Muuzaji akikataa injini isipimwe, shukuru uondoke. Kisha fungua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, ingiza vidole viwili ushike ncha ya shafti. Kucheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida. Ukiivuta na kuisukuma ikacheza kwenda mbele na nyuma, au visu vyake vimekwaruza ukuta wa nyumba yake, turbo hiyo imeshakwisha na bei lazima ishuke. Mwisho futa vumbi kwenye namba ya injini kwenye bloku uisome. Ikiwa imesagwa, usiichukue kwa bei yoyote.

Namba hiyo utaihitaji. Kadi ya gari lako ina namba ya injini na ujazo wake, na vyote viwili vinabadilika. Dai risiti halali, halafu pita TRA ukaulize taratibu za kubadili taarifa za injini kabla hujanunua. Bima nao waambie. Gari likipata ajali na injini iliyomo siyo iliyoandikwa, unawapa sababu ya kukukwepa.

Injini ikishafika nyumbani, usikimbilie kuifunga. Hiki ndicho kipindi cha bei rahisi kuliko vyote, kwa sababu kila kitu unakifikia umesimama. Badilisha belti ya taimingi, tensheni na pulei zake, pampu ya maji, thamostati, sili ya krenki ya mbele na ya nyuma, gasketi ya tapeti kava, plagi, na mipira yote midogo ya vakyumu. Sili ya mbele ya krenki kwenye familia ya JZ ina tabia ya kusukumwa nje na presha ya oili, na ikitoka inamwaga oili juu ya belti mpya. Kuna kibati cha kuizuia kinauzwa, kifunge sasa. Mabomba ya oili na maji ya turbo yasafishe mpaka uone mwanga upande wa pili, hasa lile la kurudisha oili. Binamu yako kwa kuwa hajafanya turbo, mwambie hapa ndipo turbo nyingi zilizofungwa majumbani hufia: mtu anapaka silikoni kwenye gasketi, kipande kinaingia ndani, kinaziba oili.

Mpangilio wa matumizi ningeuweka hivi. Upoozaji kwanza. Rejeta ya 1G isiguse injini hii. Jua la Dar na foleni ya barabara ya Kilwa hazitakusamehe. Weka rejeta ya Tourer V au kubwa kuliko hiyo, na feni inayoendeshwa na injini ikiwa na kava lake. Feni bila kava huzungusha hewa palepale. Kisha breki, mbele na nyuma, diski na kalipa za gari la turbo, na paipu mpya za mpira. Kisha mafuta: pampu inayoweza kulisha injini ya turbo, na chujio jipya. Pampu ya 1G itawasha gari na kulitembeza taratibu, halafu siku ukikanyaga mpaka mwisho mafuta hayatoshi, silinda zinapata hewa nyingi na petroli kidogo, pistoni zinaungua. Difu na propela zinafuata. Difu ya GX100 ni ndogo. Itakubeba kwa muda ukiendesha kwa adabu, kwa hiyo hiyo ndiyo kazi unayoweza kuisogeza mbele hela ikibana. Breki usizisogeze. Rimu, rangi na sauti ya ekzosti vibaki nje ya bajeti kabisa mpaka gari litembee miezi kadhaa bila tatizo.

Kazi za mikono mnaweza nyingi: kutoa, kusafisha, sili, kupandisha, rejeta, mabomba, breki. Kodini winchi ya injini iliyo nzima. Bloku la 1JZ ni chuma tupu, si aluminiamu, msilining'inize kwenye tawi la mwembe. Mlipe mtu kwa mambo matatu: waya, kurefusha au kufupisha propela na kuibalansi, na kuchomelea ekzosti. Propela isiyobalansiwa hutetemesha gari na kula beringi ya nyuma ya giaboksi. Na usianze kuvua gari mpaka vitu vyote viwe ndani, la sivyo daladala itakuwa usafiri wako kwa muda usioujua.

Siku ya kuwasha, toa fyuzi ya EFI (ya mfumo wa kuingiza mafuta), zungusha stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo rudisha fyuzi uwashe. Iache ipate moto ikiwa pale pale, toa hewa kwenye maji, kagua kila muungo. Baada ya kilomita 500 mwaga oili na badili chujio.

Kama kungoja milioni 14 kunakuwa mbali, kuna njia nyingine ambayo binafsi naiheshimu: 1JZ-GE VVT-i, isiyo na turbo. Ni sisi zilezile 2492, nguvu farasi 200, haina intakula wala joto la turbo, na kwa milioni 12 zako utaifunga vizuri ubaki na akiba. Ila ukiichukua, usije baadaye ukaitundikia turbo. Uwiano wa kompresheni yake ni 10.5 kwa 1, wakati ya GTE VVT-i ni 9.0 kwa 1, na tofauti hiyo inaweza kupasua pistoni.

Kuhusu kupandisha presha: usiipandishe. Injini hii Japani ilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinaitaka oktani (uwezo wa petroli kutoripuka mapema) isiyopungua 96. Kwetu huna uhakika wa unachomiminiwa kila kituo, na hewa inayoingia ni ya joto. Presha ikipanda, mafuta yanaripuka kabla ya wakati wake, unasikia mlio kama kokoto ndani ya injini ukikanyaga, na mara nyingi ukishausikia madhara yameanza. Tembea na presha ya kiwandani, weka geji ya presha na ya joto la maji uzione ukiwa kwenye usukani. Ukitaka zaidi ya hapo, baadaye itabidi pampu, nozeli, kontrol boksi ya kupangwa upya na fundi mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta, na hiyo ni bajeti nyingine. Ukishaipima ile ya Ilala niandikie namba za silinda zote sita, nikuambie kama inafaa milioni 7.