Yaya Anajibu: kinu, vichupa na majina yaliyofutika

Mwezi huu barua za labo zimepita zile za mapendo, labda juu watoto wa agronomia wamemaliza masomo na wako wanatafuta kazi huku na kule. Basi leo wakwe na mabwana wakae pembeni kidogo. Mi mwenyewe nilitumika mu labo ya jenetiki ya mimea hapa Bukavu mbele ya kushika hii kalamu, kwa hiyo leo sijibu kwa kusikia kwa watu.

Yaya jambo. Nimepata kazi ya asistani wa utafiti mu labo moja ya jenetiki, kontra ya miezi sita. Baba mukwe ananicheka, eti miaka yote ile ya iniversite ilikuwa ya kwenda kutwanga majani sawa mama wa sombe. Hii ni kazi ya kweli ao napoteza wakati? (Mudogo wa Kadutu)

Mudogo wangu, mwambie baba mukwe asante, juu amesema kweli kuliko anavyofikiri. Kazi inaanzaka na kinu. Unakamata jani changa, lile halijafunguka vizuri, unatia mu kinu, unamwanga azoti ya maji ambayo ubaridi wake ni digri 196 chini ya sifuri, jani linakuwa gumu linavunjika sawa biskuti, hapo unatwanga mbio mbio mpaka unabakia na unga wa kijani, ukichelewa linayeyuka na unaanza kuharibikiwa. Azoti yenyewe haiuzwi mu soko ya Nyawera pale, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa tunakausha majani mu silika jeli, zile punje zinakunywaka maji, na zinafaa sana, hasa kwa majani yanayotoka mbali mu milima.

Kisha unga unaingia mu kichupa na dawa inaitwa CTAB, ambayo kwa kweli ni aina ya sabuni, inapasua ngozi za seli ADN itoke inje (ndiyo inabeba urithi wa mumea, wengine munaiita DNA, ni ile ile). Unaacha mu maji ya moto ya digri 65 nusu saa ao saa nzima, unaongeza klorofomu, unazungusha mu santrifuji, unakamata maji ya juu peke yake bila kugusa ule utando wa katikati, na hapa mikono inatetemeka kila mutu, hata wakubwa. Mwisho unatia alkoli baridi, ile ya isopropanoli, unageuza kichupa polepole sawa unabembeleza mutoto, na unaona nyuzi nyeupe zinajikusanya. Siku yangu ya kwanza nilipiga kelele nikaita labo mzima, wakanicheka wiki moja. Hiyo njia waliitangaza watafiti wawili wa jina Doyle mu 1987 na mpaka leo watu wako wanaitumia, kila labo na chumvi yake. Ila angalia muhogo na ndizi, ziko na utomvu na vitu vingi vinavyochafua, ukikamata jani zee ADN inatoka rangi ya chai na PCR, ile kazi ya kuzidisha ADN nitaieleza pale chini, inakataa kabisa. Halafu kuko ile dawa ya merkaptoetanoli, harufu yake ni mayai yaliyooza, ukifika nyumbani watakuuliza kama umeangukia wapi.

Sasa nikwambie ile haiko mu kontra. Kutwanga na kuzungusha utajua kwa wiki mbili. Ile wanakulipia ni jina lenye liko juu ya kichupa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na majani ya maharagi 48, tuliyatoa kwa mama wa Kabare na Walungu, tumeenda kwa miguu, mvua imetupiga, kila mama amesema jina la mbegu yake na mi nimeandika. Mu labo nikaandika namba kwa markeri yoyote tu niliyokuta juu ya meza. Siku ya kusafisha na etanoli, tone zikashuka pembeni ya vichupa, nikapangusa na kitambaa, na namba zikaondoka na kitambaa. Nilikuwa na ADN safi kabisa ya vichupa 48 na sikujua ya nani ni ipi. Profesa hakupiga kelele, alisema tu «tupa», na ile «tupa» nasikiaka mpaka leo. Ilibidi turudie milima.

Toka siku hiyo naandika juu ya kifuniko na pembeni, na markeri ambayo nimeijaribu kwa alkoli mimi mwenyewe. Mu bahasha za majani naandika na kalamu ya risasi, juu biki inakimbia ikiona maji, risasi haikimbii. Na mu kaye naandika siku ile ile, si jioni ya kesho, hata kama nimekosea naweka mustari mumoja juu ya kosa, sipasui karatasi. Ukiwa na kaye namna hiyo, miezi sita si kupoteza wakati. Lakini mbele ya kusaini uliza nani analipa transporti ya kwenda mashambani na ukiumia mu labo nani anakupeleka hospitali, waache waandike.

Yaya, PCR yangu inatoa bendi, ule mustari unaonyesha ADN mu jeli, hata kwa kichupa cha maji matupu! Mukubwa wangu anasema mi ni mchafu. Nimerudia mara ine. Nalia. (Asistani wa Ibanda)

Usilie, unapashwa kufurahi kwamba uliweka kile kichupa cha maji, juu kuko watu hawawekake na matokeo yao yako mazuri sana, mazuri ya uongo.

Kwa wasomaji wengine: PCR ni kuzidisha kipande kimoja cha ADN. Mashine inapasha moto digri 94 ao 95 ili nyuzi mbili ziachane, inashuka karibu 55 ili vipande vidogo vya kuanzia vishike mahali pao, inapanda 72 ili enzimu ijenge nyuzi mpya, halafu inarudia. Enzimu yenyewe inatoka kwa bakteria ya chemchemi za moto, ndiyo maana haipikiki. Kila zunguko inazidisha mara mbili, mizunguko 30 kipande kimoja kinapita miliardi. Kary Mullis alifikiria hiyo akili mu 1983 na mu 1993 wakamupa Nobel. Sasa fikiri mudogo wangu, kama kimoja kinazaa miliardi, vumbi kidogo la PCR ya jana likiangukia mu maji yako ya leo umekwisha.

Kwa hiyo tafuta sawa unatafuta mwizi mu nyumba, chumba kimoja kimoja. Badilisha maji kwanza, fungua mapya. Bado? Badilisha bafa, yale maji ya chumvi ya kuchanganyia. Bado? Enzimu, kisha praima, vile vipande vidogo vya kuanzia. Usibadilishe vyote mara moja, utapona na hutajua ni nini ilikuponya. Ila mi kama ningebeti ningebeti meza: watu wanafungua vichupa vya PCR iliyoisha palepale wanapochanganyia mupya. Hiyo hapana. Kuchanganya kwake na pipeti zake, jeli kwake na pipeti zake, na koti jeupe la upande wa jeli lisivuke. Panguza meza na javeli iliyotiwa maji, tia ADN mwisho kabisa, na kichupa cha maji ndicho unafunga nyuma ya vyote. Na dawa gawanya mu vichupa vidogo vidogo siku inafika, ili kikichafuka kimoja unatupa kimoja, na siku ya delestaji, umeme ukikatwa, pia hautoi na kurudisha mzigo wote mu friza.

Kwa mukubwa wako usibishane na mudomo. Mupelekee kaye, picha ya jeli ya kila jaribio na umebadilisha nini. Mutu akiona karatasi ananyamaza.

Tunazalisha migomba mu vyupa. Karatasi inasema kupika chakula cha mimea kwa presha bar 1 dakika 15 na tunafuata, lakini kila wiki ukungu. Shetani ao ni nini? (Kikundi cha Bagira)

Shetani hana shida na migomba yenu. Karatasi yenu iliandikwa na mutu anakaa karibu na bahari. Hapa kwetu tuko karibu metre 1500 juu, maji yanachemka kwa digri 95 hivi na si 100, ndiyo maana hata maharagi yanakawia jikoni na makaa inaisha. Ile saa ya sufuria, yenye inapima presha, inahesabu kuanzia hewa ya inje, na hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo ikionyesha bar 1 ndani munafika karibu digri 118, wakati ile inatakiwa ni 121. Digri tatu mutasema ni kidogo, lakini kwa vijidudu vigumu zinataka wakati mara mbili. Kama sufuria yenu imetengenezwa ya kuvumilia, pandisha mpaka bar 1.2. Kama hamuna hakika musicheze nayo, italipuka, bakieni pale pale ila muache dakika 30. Na mbele ya kufunga kile kiziba acheni mvuke utoke kwa nguvu dakika kadhaa, hewa ikibakia ndani saa inadanganya.

Halafu fanyeni ile ya kichupa cha maji niliyosema pale juu: pikeni vyupa vitatu vya chakula bila mumea, mufunge, muviache wiki. Vikiota ukungu shida ni sufuria ao kufunga. Vikibakia safi shida ni mikono ao mugomba wenyewe. Na mukiona wingu sawa maziwa linaanzia chini ya mumea, hiyo ni bakteria iliyokuwa imelala ndani ya mugomba toka shambani, hata mupike nusu siku haitasaidia, tafuteni mama mumea mwingine. Tena asiwe wa shamba lenye kirabiranya, ule ugonjwa unaozesha ndizi na kumaliza migomba yetu. Ulionekana Masisi, kule Kivu ya Kaskazini, mu 2001 na toka hapo tunajua wote ulifanya nini.

Mutoto wangu anatumika mu labo na sasa iko na mimba ya miezi mbili. Anaogopa kusema kwa mukubwa. (Mama wa Panzi)

Mama, aseme kesho asubuhi. Akatae klorofomu, akatae merkaptoetanoli, akatae ile dawa nyekundu ya jeli inaitwa bromidi ya etidiamu, inajipenyezaka katikati ya ADN na ADN ya mutu haina tofauti kwake. Asidanganyike na glovu, klorofomu inapita glovu nyembamba mbio sana. Kuko kazi nyingine mule: kupanga mbegu, kuandika mu kompyuta, kuhesabu, kupima mimea mu shamba. Mukubwa akikasirika, mi nakuomba mama umusindikize wewe mwenyewe. Na kwa daktari aende na majina ya hizo dawa yameandikwa.

Yaya, tulienda Walungu kuomba majani ya muhogo, mama mumoja akatufukuza na jembe, eti tunaiba mbegu yake kwenda kuuzisha wazungu na kuleta muhogo wa mashini, ule umebadilishwa mu labo. Tumujibu nini? (Vijana wawili)

Kwanza musimucheke. Watu walishapita kwake na makaye mara ngapi, wakakamata, wakaondoka, hakuna aliyerudi kumwambia hata «mama, tuliona hivi». Mi ningekuwa yeye ningekuwa na jembe mbili.

Mukirudi, rudini bila bahasha. Mumwambie jani la muhogo haliotake, anajua hiyo kuliko ninyi, kinachoota ni kipande cha muti, na muti hamutaki. Kwa hiyo akiona mutu wa labo anakata muti bila kuomba, hapo afukuze. Mumwambie kusoma ADN si kuibadilisha: mutu akisoma barua, barua inabakia vile iliandikwa. Na mumwambie faida iko wapi: mara nyingi mama wawili wako na jina moja la muhogo, kumbe ni mimea mbili, mumoja unavumilia ugonjwa wa mozaiki na mwingine unakunja majani mwaka wa kwanza, na kwa macho hauwezi kujua wakati muti ungali mudogo. Musimwambie eti muhogo wenyewe ulitoka Amerika na Wareno karibu miaka 500 iliyopita. Ni kweli, na maharagi pia yalitoka kule, lakini mama anayelisha watoto nane na ile shamba hatafuti somo la historia.

Na kama amekubali, andikeni jina lake na la muhogo wake vile anavyolitamka, na mukipata matokeo murudi kumusomea. Musipokuwa na feza ya kurudi, musiende kabisa.

Yaya, nimefanya ADN za watu wawili wa doktora, jina langu halimo mu artikle. (Bila jina)

Hata mu barua yako jina halimo! Uliza mbele ya kichupa cha kwanza, si nyuma ya artikle kutoka. Kutwanga peke yake mara nyingi wanakushukuru mu mustari wa mwisho, lakini kama ulipanga jaribio, ulisoma jeli na ukaandika kipande, hapo uko na haki ya kuomba. Kwa hii iliyopita, mwandikie profesa, umuambatanishie kurasa za kaye yako na tarehe. Uko na kaye, si ndiyo?