Ushauri kwa mnaoanza kusoma Mule Bone

Wanafunzi wengi wa tamthilia wakikutana na Mule Bone (yaani “mfupa wa baghala”) kwa mara ya kwanza hukimbilia ugomvi wa waandishi wake. Naelewa kwa nini. Langston Hughes na Zora Neale Hurston, waandishi Weusi wa Marekani, waliiandika pamoja mwaka 1930, wakakosana juu ya nani mwenye haki nayo, urafiki ukafa, na tamthilia haikupanda jukwaa la Broadway, New York, hadi 1991, wote wawili wakiwa wameshafariki. Habari hiyo ina uzito wake, lakini iwekeni kando kwanza. Nimesahihisha insha nyingi zinazojaza kurasa kwa kisa cha waandishi na kufika mwisho bila kugusa jukwaa.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Jim Weston anapiga gitaa, Dave Carter anacheza ngoma, ni marafiki wa kufa na kuzikana, na wote wanampenda Daisy. Wanagombana, Jim anaokota mfupa wa mguu wa nyuma wa baghala aliyekufa na kumtwanga nao Dave kichwani. Kesi inafunguliwa. Hapo ndipo muanze kusoma kwa makini, kwa sababu Jim ni Mmethodisti na Dave ni Mbaptisti, madhehebu mawili ya Kikristo, na ndani ya muda mfupi hakuna tena anayejali kichwa cha Dave.

Kesi inasikilizwa ndani ya kanisa la Kibaptisti, Meya Joe Clark akiwa mwamuzi. Wamethodisti wanakaa upande mmoja, Wabaptisti upande mwingine, na akina mama wa pande zote wanarushiana maneno hata kabla ya shahidi wa kwanza. Mchungaji Simms wa Wamethodisti anamtetea Jim: mfupa si silaha, hakuna sheria inayosema hivyo. Mzee Childers wa Wabaptisti anajibu kwa Biblia. Je, Samsoni hakuwaua Wafilisti kwa taya la punda? Baghala ni mtoto wa punda, tena ni hatari kuliko baba yake. Na kila mtu anajua kwamba kadiri unavyorudi nyuma ya baghala ndivyo hatari inavyozidi, basi ikiwa taya liliua watu wengi hivyo, mfupa wa mguu wa nyuma ungefanya nini? Jim anapatikana na hatia na kufukuzwa mjini kwa miaka miwili.

Someni hoja hiyo kwa sauti, zaidi ya mara moja. Kila hatua yake inafuata iliyotangulia, na ndiyo maana inachekesha. Childers si mjinga. Ni msemaji hodari anayejua Maandiko na kuujua umati wake, na watu waliomzunguka wanaonja ufundi wake kama wapenzi wa ushairi wanavyoonja beti. Anayeandika kwamba Hurston na Hughes wanawadhihaki watu wa kijijini wasio na elimu hajausikia mchezo. Hurston alikulia Eatonville, Florida, mji ulioanzishwa na kuongozwa na Weusi wenyewe tangu 1887, na mzaha huu ni wa mji huo juu ya nafsi yake. Vivyo hivyo kwa lugha ya wahusika: ni Kiingereza cha Weusi wa Kusini, chenye sarufi na mahadhi yake. Msikihesabu kuwa Kiingereza kilichokosewa.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo darasani hatuitumii vya kutosha. Tunaujua utani. Tunajua kuwa mtani anaweza kumtania mfiwa msibani na hakuna anayenuna. Kwa hiyo linganisheni tendo la kwanza na la pili. Katika la kwanza watu wako barazani kwa duka la Joe Clark, wanatupiana maneno makali na kucheka pamoja. Katika la pili ni watu walewale wenye ndimi zilezile, lakini sasa wameketi kwa makundi, na maneno yanauma. Tashtiti ya tamthilia hii, yaani kejeli yake, kwa maoni yangu, iko katika badiliko hilo. Mkiandaa onyesho, tumieni nguvu nyingi katika kuwapanga waigizaji wa umati kuliko kuwafundisha mizaha. Umati uliokaa vibaya unaua tendo zima la pili.

Tendo la tatu ni fupi na wengi hulipita haraka. Msifanye hivyo. Nje ya mji, kwenye reli, Jim, Dave na Daisy wanakutana tena. Vijana wanashindana kutangaza mapenzi mpaka Daisy anapoeleza anachotaka: mume atakayekubali kazi kwa Wazungu anaowatumikia. Jukwaani hatujamwona Mzungu hata mmoja, na ghafla tunakumbushwa ajira iko mikononi mwa nani. Kila mmoja sasa anamsukumia mwenzake bibi harusi, Daisy anaachwa, na marafiki wawili wanarudi mjini pamoja, hukumu au hakuna hukumu. Jiulizeni Daisy amefanywa nini hapo, maana kicheko cha upatanisho huo kimelipiwa na yeye, na sijaona onyesho linaloweza kulikwepa swali hilo.