Kifua kinachouma ukikibonyeza: majibu ya wiki hii

Wiki hii ni kifua juu ya kifua. Walioandika tu "kifua kinauma, ninywe dawa gani?" bila umri, bila kusema kimeanza lini wala kinauma wakifanya nini, sijawajibu na sitawajibu. Mimi si mpiga ramli.

Muganga, nina miaka 27, nashusha viazi kutoka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Karibu na katikati ya kifua, upande wa kushoto, panachoma nikigeuka kitandani au nikipiga chafya. Ni moyo? (Majengo)

Umeuliza vizuri, kwa hiyo nakujibu kwa urefu. Bonyeza kwa kidole pale mbavu zinapokutana na mfupa wa kati wa kifua. Kama unaruka, na maumivu ni yale yale unayoyajua, basi yanaelekea kuwa ya ukuta wa kifua. Mbavu ziko jozi 12. Zile 7 za juu hufika kwenye mfupa wa kati kwa gegedu, kitu kigumu kidogo chenye kunyumbulika kama sikio lako. Gegedu hizo zikichokozwa na kusukuma, kubeba au kukohoa sana, huuma, hasa kuanzia ubavu wa 2 mpaka wa 5. Wakubwa wa hospitali huita kostokondriti. Hakuna picha ya radio (eksirei) inayoionyesha. Hutambuliwa kwa kuulizwa na kuguswa, na anayekugusa awe amesikiliza moyo na mapafu pia.

Punguza mzigo wiki mbili tatu. Najua tumbo halisubiri, basi beba nusu, na mlimani omba mwenzako asukume. Weka kitambaa cha maji moto dakika 15, asubuhi na jioni. Ibuprofeni ya mg 400 baada ya chakula, isizidi mara 3 kwa siku wala wiki moja, lakini tu kama huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha au shida ya moyo. Maumivu yakipungua, simama mlangoni, shika miimo kwa mikono miwili, sogeza kifua mbele polepole, hesabu mpaka 20. Ikichoma kwa ukali, acha.

Farmasi walinipiga sindano za ampisilini siku 5 na dexa (deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe) juu yake. Kifua kilitulia, sasa kimerudi. Niongeze? (Birere)

Usiongeze hata moja. Ampisilini inaua vijidudu, na kwenye gegedu iliyochokozwa hakuna kijidudu cha kuua. Dexa ndiyo iliyokutuliza, na ndiyo inayoniudhi. Inazima moto kwa siku chache huku ikipandisha sukari na presha na kulegeza kinga ya mwili. Ukiizoea kwa wiki nyingi kisha ukaikata ghafla, unaweza kuanguka. Katika mji huu wa Goma mtu akisema "aa" tu, mwenzake ameshavuta dawa kwenye sindano. Na ile ya takoni ikichomwa pasipofaa inagonga mshipa mkubwa wa fahamu, mtu anabaki akiburuta mguu kwa maumivu ambayo kitambaa cha moto kingetuliza. Muulize huyo wa farmasi: alikigusa kifua chako?

Damu imeonyesha tifoide. Ndiyo inaniletea maumivu ya mbavu? (Katoyi)

Hapana. Na kile kipimo cha Widal hudanganya mara nyingi kiasi kwamba mtaa mzima unaweza kuambiwa una tifoide.

Nina miaka 52, nina presha na sukari. Nikipanda mlima kifua kinabanwa, kinapanda mpaka taya, jasho linatoka. Nikipumzika kinaacha. Binti yangu anasema ni gegedu. (Bukavu)

Mama, acha kusoma hapa. Nenda hospitali leo, wakupime moyo kwa elektrokadiogramu. Usiende kwa miguu. Kifua kubanwa unapojitahidi na kuacha ukipumzika ni sauti ya moyo mpaka ithibitishwe vingine. Hata kama ukibonyeza panauma usijifariji, kwa sababu mtu anaweza kuwa na yote mawili. Wengine wote: kukosa pumzi, kuzimia, homa, au damu kwenye makohozi, msisubiri safu hii.

Nakohoa mwezi sasa, na mbavu zinauma. Ni gegedu? (Ndosho)

Mbavu labda. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi ni cha kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, na dawa zake hutolewa bure. Swali hili nimelijibu mara ngapi?

Nina mimba ya miezi 6, nabeba mizigo kwa kamba ya kichwani. Naweza kunywa ibuprofeni? (Kadutu)

Hapana, wala diklofenaki. Baada ya wiki 20 zinaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji yaliyomzunguka. Chukua parasetamoli na kitambaa cha moto, na umwambie anayekufuata kliniki. Kuhusu mzigo, baba wa mtoto naye ana kichwa.

Ubavu wa pili umevimba, unaonekana kwa macho. (Himbi)

Huo uonwe. Kuna ndugu ya kostokondriti, ugonjwa wa Tietze, ulioelezwa na daktari Mjerumani mwaka 1921. Wenyewe huvimba, mara nyingi ubavu wa 2 au wa 3, na si hatari. Lakini usaha na uvimbe mbaya navyo huvimba, na vidole vyangu havifiki Himbi.

Bibi anataka kunichanja kwa wembe anipake dawa, halafu anifunge kitenge kwa nguvu. (Mabanga)

Wembe uliopita kwa wengine hubeba homa ya ini na Ukimwi. Kitenge kilichokazwa kinakufanya uvute pumzi fupi fupi, mapafu hayafunguki vizuri. Bibi akukande kwa maji moto, mikono yake inatosha.

Itaisha lini? (wengi)

Kwa kawaida wiki kadhaa, kwa wengine miezi, na inaweza kurudi ukirudia mzigo ule ule. Ikipita wiki 6 bila kupungua, rudi uangaliwe upya.