Maswali na Majibu ya Wasomaji: Mkono Utokao Mawinguni

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya mapambazuko iliyopigwa kutoka kwenye pantoni ya Kigamboni, na chini yake tukaandika kwamba mkono wa Mungu ulikuwa umepita hapo. Maneno hayo niliyaandika mimi, kwa haraka, dakika za mwisho kabla ya gazeti kwenda mitamboni. Barua zilizofuata zimenifanya nijutie haraka hiyo, lakini zimenifurahisha pia, kwa sababu wasomaji wametaka kujua hasa mkono huo katika sanaa una maana gani. Nimechagua tano.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa Tabata. Kazi yangu kubwa ni harusi, kipaimara na picha za pasipoti. Kwaya moja imeniagiza kalenda ya mwaka ujao, na wanataka juu ya vichwa vyao uonekane mkono mkubwa ukitoka mawinguni kuwabariki. Nimepiga picha mkono wa shemeji yangu, nikauunganisha na mawingu ya Coco Beach kwa kompyuta, lakini kila nikiutazama naona ni mkono wa shemeji tu. Nimekosea wapi, na wachoraji wa zamani walifanyaje?*

Marahaba, kijana wangu. Umenichekesha, lakini swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Wachoraji wa kale hawakuuchora mkono huo kwa kuwa walijua ulivyo. Waliuchora kwa kuwa walikatazwa, au waliogopa, kumchora Mwenyewe. Umewahi kwenda nyumba ya watu kupeleka sahani ya futari, na kutoka nyuma ya pazia la mlangoni ukatokea mkono ukaipokea? Unajua mwenye nyumba yupo, shukrani umeisikia, na adabu inakutaka usichungulie. Mkono wa Mungu katika michoro ya mwanzo ni mkono wa namna hiyo, na pazia lake ni wingu.

Mfano mmoja wa zamani sana uko katika sinagogi la Dura-Europos, nchini Syria, ambalo kuta zake zilichorwa karibu mwaka 244 na kufukuliwa mwaka 1932. Katika mchoro wa Ibrahimu akitaka kumtoa mwanawe sadaka, Ibrahimu ameshika kisu huku ametupa mgongo, uso wake hatuuoni, na juu ya tukio zima kuna kiganja kitupu kilichotokeza. Hakuna mwili, wala uso, wala kiti cha enzi. Wakristo nao wakafuata desturi hiyo hiyo kwa karne nyingi. Mjini Ravenna, Italia, katika kanisa la San Vitale lililowekwa wakfu mwaka 547, Habili anainua mwanakondoo na Melkizedeki anainua mkate, na kati yao juu unashuka mkono kutoka wingu dogo la vigae vya rangi.

Mkono ulikuja kupata mwenyewe baadaye, Mungu Baba alipoanza kuchorwa kama mzee mwenye ndevu. Mchoro wa namna hiyo unaojulikana kuliko yote ni ule wa kuumbwa kwa Adamu, ambao Michelangelo aliuchora kwenye dari la Kanisa la Sistina, Vatikani, katika kazi aliyoianza mwaka 1508 na kuimaliza mwaka 1512. Hata yeye, aliyethubutu kuchora ndevu na misuli, alisita mahali pamoja: vidole viwili havigusani. Cha Mungu kimenyooka kwa nguvu, cha Adamu kimelegea kama cha mtu aliyeamshwa usingizini, na kati yao kuna upenyo ambao unaweza kuuziba kwa ncha ya kalamu. Jaribu kuuziba kwa kidole chako ukiwa na nakala ya mchoro huo mkononi, uone picha nzima inavyokufa.

Sasa turudi kwa shemeji. Nimeitazama picha uliyoniambatanishia. Kwanza, mawingu yako yamepigwa na jua kwa nyuma, ilhali mkono umepigwa na flashi kwa mbele. Jicho la mtazamaji halijui istilahi, lakini linajua kwamba vitu hivyo viwili havikuwahi kukaa mahali pamoja. Pili, na hili ndilo kubwa, mkono huo una historia yake: kwenye kifundo kuna ngozi nyeupe kidogo palipokaa saa, na ukucha wa kidole gumba umepasuka. Mikono ya Dura na Ravenna haina umri wala kazi iliyowahi kuifanya, ndiyo maana haitukumbushi shemeji wa mtu. (Usije ukaikabidhi akili mnemba kazi hiyo. Nimeletewa kalenda moja ya namna hiyo, na baraka zilikuwa zinatolewa kwa vidole sita.)

Ushauri wangu ni kwamba uache kuubandika mkono, uutafute mwanga. Miale ile inayoshuka kama feni kutoka kwenye pengo la wingu kwa kweli husafiri sambamba. Kwetu huonekana imetawanyika kwa sababu ile ile inayofanya reli ionekane kukutana mbali. Huonekana pale tu hewani panapokuwa na kitu cha kuipokea, kama vumbi, unyevu au moshi, kwa hiyo asubuhi za masika baada ya mvua kukatika ndizo zako. Pima mwanga kwenye wingu na si kwenye nyuso, kisha punguza mwanga unaoingia kwenye kamera kwa hatua moja au mbili, ukubali wanakwaya wawe vivuli. Kama masika ni mbali, nenda Feri saa za kukaanga samaki, uangalie jua linavyopenya kwenye matundu ya bati na kukutana na moshi. Ni wachache wanaoinua macho.

Na kama kwaya itashikilia kwamba mkono lazima uwepo, basi wanao tayari. Mwalimu wao huuinua kila Jumapili. Weka taa moja chini mbele yake, zima nyingine zote, na uache kivuli cha mkono wake kitue ukutani juu ya vichwa vya waimbaji. Kivuli hakina alama ya saa.

*Assalaam alaykum. Nauza mapambo ya fedha Kariakoo. Wateja wananiulizia kidani cha kiganja chenye jicho katikati, na baadhi yao wanakiita mkono wa Mungu. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alipolisikia jina hilo alinikaripia mbele ya watu. Nataka kukipiga picha kwa ajili ya tangazo, niandike nini?*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Pengine mzee angeweza kukuita pembeni, lakini kuhusu jina yuko sahihi. Kiganja hicho ni khamsa, yaani tano, neno ambalo sisi tunalo ndani ya hamsini. Watu wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati wamekitumia kwa muda mrefu kama kinga ya husuda; Waislamu wengi hukiita mkono wa Fatma, na Wayahudi mkono wa Miriamu. Ni mkono wa kukinga, haukusudiwi kumwonyesha Mungu. Kule Granada, Hispania, upo uliochongwa juu ya tao la nje la Lango la Haki la Alhambra, lililojengwa mwaka 1348, na wafasiri hawajaafikiana kama ni kinga, ni nguzo tano za Uislamu, au ni vyote viwili.

Mkono wa Mwenyezi Mungu katika Uislamu unasomwa, hauchorwi. Sura ya Al-Fat-h, aya ya 10, inasema kwamba mkono wa Mwenyezi Mungu uko juu ya mikono ya waliokuwa wakimpa Mtume ahadi ya utii. Wako wanazuoni wanaoukubali mkono huo kama ulivyotajwa bila kuuliza ukoje, na wako wanaoufasiri kuwa ni uwezo na msaada wake. Pande zote mbili hazikumpa mchoraji ruhusa ya kuushika wino. Mchango mkubwa wa sanaa ya Kiislamu ukaenda kwenye maandishi yenyewe. Kwa hiyo kwenye tangazo andika khamsa au mkono wa Fatma. Wakati wa kupiga, tandika kanga nyeusi chini ya kidani na uzuie mwanga wa moja kwa moja kwa karatasi nyeupe nyepesi, kwa kuwa fedha ni kama kioo na itakuonyesha wewe, simu yako na jirani anayechungulia.

*Nasoma chuo hapa Ubungo. Kwenye kundi letu la WhatsApp imezunguka picha ya mkono wa bluu angani, yenye vidole vinavyogusa moto. Wanaoisambaza wanasema ni mkono wa Mungu uliopigwa picha na darubini. Je, ni ya kweli au imetengenezwa?*

Mwanangu, ni ya kweli na imetengenezwa, yote mawili. Ilitolewa mwaka 2009 na wataalamu wa darubini ya Chandra ya shirika la NASA la Marekani, ambayo hupokea miale ya eksirei. Kinachoonekana ni wingu la chembe lililofurishwa na mabaki ya nyota iliyolipuka. Mabaki hayo, yanayoitwa PSR B1509-58, yana upana wa kilomita 20 hivi, kama kutoka Posta hadi Mbezi, lakini hujizungusha karibu mara 7 kila sekunde na kusukuma wingu lenye upana wa miaka ya nuru 150 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Yako umbali wa miaka ya nuru ipatayo 17,000. Eksirei haina rangi kwa jicho letu, hivyo bluu na nyekundu ziliwekwa na wataalamu ili kutofautisha viwango vya nishati. Vidole tumeviweka sisi watazamaji, kama tunavyoweka sura za watu kwenye madoa ya dari linalovuja.

Hata hivyo sishangai kwamba picha hiyo imeaminika upesi, maana kamera ilizaliwa na dai hilo hilo. Mwingereza William Henry Fox Talbot alipoanza kutoa kitabu chake cha picha mwaka 1844, aliwaeleza wasomaji kwamba zilichapwa kwa mkono wa maumbile wenyewe. Mwaka 1898 Secondo Pia alipiga picha sanda ya Turin, kitambaa ambacho wengi huamini kilimfunika Yesu kaburini, na alipoisafisha gizani, kwenye negativu, ambayo hugeuza cheusi kuwa cheupe, akaona uso ulio wazi kuliko ulivyoonekana kwenye kitambaa chenyewe. Wengi waliona kwamba hapo ndipo penye picha isiyofanyika kwa mikono. Vipimo vya kaboni vya mwaka 1988 viliuweka umri wa kitambaa kati ya mwaka 1260 na 1390, na ubishi haujaisha. Ukiisambaza picha ya Chandra, taja darubini na mwaka. Mwenye kutaka kumsifu Muumba kwa nyota hiyo hazuiwi na jambo lolote nililolisema hapa.

*Mkono wa Maradona nao mnauhesabu? Shabiki, Temeke.*

Tunauhesabu kwa shingo upande. Tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca mjini Mexico City, Diego Maradona wa Argentina aliwafunga Uingereza kwa ngumi, mwamuzi Mtunisia Ali Bennaceur hakuiona, na mfungaji akasema baadaye kwamba bao lilitokana kidogo na kichwa chake na kidogo na mkono wa Mungu. Picha zilizopigwa ukingoni mwa uwanja ndizo zilizomuumbua, kwa kuwa zilionyesha ngumi, mpira na kipa Peter Shilton katika nukta moja ya wakati. Ni mfano pekee ninaoujua ambapo kamera iliuona mkono wa Mungu ikaonekana ni wa mtu, na mtu huyo akapendwa zaidi nyumbani kwao.

*Mimi ni mchongaji wa Mwenge. Mjomba wangu alinifundisha kung'arisha kinyago kila mahali mpaka mpingo uwe kama kioo. Mteja ameniagiza mkono wa Mungu, akaniletea na picha ya sanamu ya Ulaya ambayo nusu yake ni jiwe lisilochongwa. Je, ule si uvivu?*

Si uvivu, fundi. Bila shaka ni kazi ya Auguste Rodin wa Ufaransa, ya mwishoni mwa karne ya 19: mkono mkubwa unachomoza kutoka kwenye jiwe ghafi ukiwa umeshika bonge la udongo, na ndani ya bonge mwanamume na mwanamke wamejikunja, hawajamaliza kuumbwa. Rodin alilainisha ngozi ya mkono, akaacha jiwe na alama za patasi, ili mtazamaji aone kazi ikiwa inaendelea. Sijui kama wewe unaona ninachokiona mimi, lakini pale mchongaji ameuazima mkono wa Mungu kuusifia mkono wa mchongaji.

Wewe una kitu ambacho Rodin hakuwa nacho. Mpingo una moyo mweusi na ganda jembamba jeupe linalouzunguka, ambalo wenzako wengi hulitupa kwa pigo la kwanza la tezo. Mwaka juzi, hapo hapo Mwenge, niliona kinyago kidogo ambacho fundi wake alilibakiza ganda hilo upande mmoja tu, na mkono mweusi ulionekana kutoka ndani yake kama unaotoka kwenye ukungu. Niliupitisha mkono wangu juu yake: vidole vilikuwa laini kwa msasa na rangi ya viatu, kiganja kilikuwa na mistari, na kuelekea kifundoni alama za tezo ziliongezeka mpaka mkono ukapotea, ukabaki mti. Bei ilinishinda.

Ng'arisha vidole kama mjomba alivyokufundisha. Kuanzia kifundo kwenda nyuma, weka msasa chini. Mjomba akikuuliza mkono wote uliobaki uko wapi, mwambie uko nyuma ya pazia.